Bendera ya Ukusi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu nianze kusimulia visa vya Ukusi, maswali kuhusu bendera yamekuwa mengi kuliko maswali kuhusu visa vyenyewe. Sijui nifurahi au ninune. Nimeyakusanya hapa ili nisirudie jibu lile lile kila jioni. Mwandishi ni mtu wa Mikindani, mkoani Mtwara, si mtaalamu wa bendera wala mwanahistoria, na cherehani anayoitumia si yake.

Ukusi iko wapi? Nimeitafuta kwenye ramani sijaiona.

Hutaiona, maana ni nchi ya kubuni. Ukisimama Msimbati asubuhi, bahari imetulia, ukatazama mashariki mpaka macho yakuume, Ukusi iko nyuma kidogo ya pale unapoishia kuona. Jina linatokana na kusi, ule upepo wa kusini. Watu wake ni Wakusi, na wanasema Kiswahili kwa sababu mimi sina muda wa kubuni lugha nyingine.

Bendera yenyewe ikoje?

Chukua kitambaa cha mstatili, mlingoti ukiwa kushoto kwako. Kikate mshazari kutoka kona ya juu penye mlingoti hadi kona ya chini kwenye ncha inayopepea. Nusu ya chini ni nyeupe, nusu ya juu ni kaniki, kile kitambaa cha buluu iliyokolea hadi karibu na weusi. Katikati ya mkato kuna mishono mitatu mirefu ya uzi mwekundu, inayoonekana wazi, kama kidonda kilichoshonwa hospitali. Hakuna nyota, mwezi, mnyama wala maandishi.

Ukiiangalia kwa mbali, ile nyeupe inakaa kama tanga la jahazi. Ndivyo ilivyokusudiwa. Kumbuka pia kwamba mshazari wetu unateremka, wakati ule wa bendera ya Tanzania unapanda kutoka chini penye mlingoti kwenda juu. Kuna waliodai nimeigeuza ya taifa juu chini. Sikufanya hivyo.

Mishono mitatu ina maana gani?

Kuna jibu la kwenye visa na kuna jibu la kweli. Nitatoa yote mawili, nikianza na la kweli.

Bendera ya kwanza niliishona mwenyewe, kwenye cherehani ya shangazi yangu, siku ambayo yeye alikuwa kwenye shughuli ya harusi. Nilijiona fundi. Nilikata vipande viwili mshazari, nikavipiga mshono mmoja ulionyooka, nikafurahi, nikaenda kuitundika kwenye mwanzi juu ya banda la kuku. Ulikuwa mwezi wa saba. Anayeijua Mikindani anajua upepo wa mwezi wa saba. Kufika alasiri mshono umeachia katikati, upana wa viganja viwili, na vipande vinapigana kila kimoja kivyake.

Shangazi aliporudi hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Aliishika pale ilipoachia, akaivuta kidogo kwa vidole, kitambaa kikanyooka kama mpira. "Umeona, mwanangu? Kitambaa ukikikata mshazari kinavutika. Uzi wako haujui kuvutika. Sasa nani atakubali kukatika?" Kisha akatafuta uzi mweusi, ukawa umeisha kwenye bobini. Mweupe ulikuwa chini ya kitanda na yeye magoti yanamsumbua. Akachukua mwekundu uliokuwa mkononi, akashona kwa sindano ya mkono, mishono mitatu mikubwa, kama wavuvi wanavyoshona tanga wakiwa majini, pasipo nafasi ya urembo. "Itashika mpaka kesho," akasema.

Ilishika miezi. Mimi nikapanga kuifumua nishone upya vizuri, na kila nikiitazama nikaghairi. Baadaye nikaanza kuandika kisa cha tanga lililopasuka.

Jibu la kwenye visa ni hili: Ukusi ilikuwa visiwa viwili visivyosalimiana, ikaja dhoruba iliyochana tanga la jahazi lililobeba watu wa pande zote mbili, na mwanamke mmoja, ambaye visa vinamwita Bibi wa Sindano tu, akalishona kwa uzi alioufumua kwenye nguo yake nyekundu. Mishono mitatu: mmoja wa kisiwa hiki, mmoja wa kisiwa kile, wa tatu wa waliokufa maji. Watoto wa Ukusi hufundishwa hivyo shuleni. Hawajui habari ya magoti ya shangazi.

Kwa nini kaniki? Si nguo ya misiba na ya waganga?

Hili swali hutoka kwa watu wazima, nami nawaheshimu wanaouliza. Ni kweli, kitambaa cheupe, chekundu na cheusi ukivikuta pamoja pwani hii, wazo la kwanza huenda kwenye mizimu na tiba. Lakini kaniki ni nguo ya kazi kwanza. Bibi zetu waliivaa shambani na pwani wakichokoa pweza, kwa sababu haionyeshi tope na haikuwa ghali. Nilitaka rangi ambayo mtu wa kawaida wa Ukusi angekuwa nayo nyumbani tayari, asihitaji kwenda kununua.

Hicho ndicho kipimo nilichotumia kwa bendera nzima. Kila kitambaa kiwe kinapatikana ndani ya nyumba.

Na nyeupe? Ni amani?

Kila mtu anataka nyeupe iwe amani. Kwa Wakusi ni marekani, yaani ile bafta ya pamba isiyotiwa rangi, ambayo ukiiangalia vizuri si nyeupe bali ni ya maziwa yaliyokaa. Marekani ilipata jina lake kwa sababu katika karne ya 19 ililetwa Zanzibar na meli za Salem kutoka viwanda vya Massachusetts, huko Marekani, ikaenea pwani na bara hadi ikawa kama fedha. Ilivaliwa, ilitumika kama sanda, na ilifanywa matanga.

Sikuweza kuandika juu ya pamba nikaruka Nandete. Huko Umatumbi, upande wa Kilwa, Julai 1905 watu waling'oa miche ya pamba waliyolazimishwa na Wajerumani kuilima, na Vita vya Majimaji vikaanza. Ndiyo maana katika visa vyangu Wakusi hawalimi pamba hata punje. Wanainunua ikiwa kitambaa tayari, na ukiwauliza sababu, wazee wanabadilisha mazungumzo.

Kwa hiyo nyekundu ni damu.

Ni uzi.

Sawa, nitaongeza kidogo. Zamani neno "bendera" lilikuwa pia jina la kitambaa chekundu cha pamba kilichouzwa madukani, kwa kuwa ndicho kilichotumika sana kutengenezea bendera. Neno lenyewe tumelipata kwa Wareno, kama tulivyopata meza na leso. Basi mtu aliyesema "nipe mikono miwili ya bendera" alikuwa anataka nguo. Nilipogundua hilo nikajua nyekundu lazima iwepo, ila kidogo.

Mbona hakuna korosho? Bendera ya kusini bila korosho ni bendera gani?

Naomba mnisamehe. Nilijaribu. Nilichora bibo na korosho yake inaning'inia chini, nikamwonyesha binamu yangu, akauliza kwa nini nimeweka pilipili hoho yenye mkia. Nikachora upya, jirani akadhani ni tangazo la uraka, ile pombe ya mabibo. Mara ya tatu ilifanana na figo.

Kuna sababu nyingine isiyo ya mkono mbovu. Bendera hutazamwa ikiwa mbali, inatikisika, na mara nyingi imejikunja. Kitu chenye umbo gumu hupotea. Na mkorosho wenyewe ni mgeni, uliletwa na Wareno kutoka Brazili, kama walivyoleta neno bendera. Ukusi katika visa vya mwanzo ni ya kabla ya hapo. Lakini msikate tamaa: korosho iko kwenye sarafu ya Ukusi, na huko inafanana na korosho.

Na mjusi wa Tendaguru?

Huyu huulizwa na watu wa Lindi, na wana haki. Mifupa ya mijusi wakubwa wa kale, yaani dinosaria, ilichimbwa Tendaguru kati ya 1909 na 1913, ikabebwa kichwani na wapagazi hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa melini kwenda Berlin. Mmoja wao amesimamishwa huko kwenye makumbusho, ana urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Katika Ukusi mjusi hayuko kwenye bendera kwa sababu hayuko nyumbani. Kuna kisa kizima juu ya hilo, kinakuja, msinisukume.

Pembetatu nyeupe ni ile Pembetatu ya Kionga?

Hapana, lakini nimependa ulivyowaza. Kwa wasioijua: Kionga ni kipande kidogo kusini mwa mdomo wa Ruvuma. Wajerumani walikichukua 1894, Wareno wakakiteka 1916 katikati ya vita, na mwaka 1919 mkataba wa Versailles ukawapa rasmi. Leo ni Msumbiji. Laiti ningekuwa na akili ya kuficha jambo kama hilo kwenye bendera, ningesema ndiyo.

Kabla ya bendera hii Ukusi ilikuwa na bendera gani?

Tatu, na zote zililetwa na meli. Hilo sikulibuni, nimelichukua hapa hapa nyumbani. Hesabu nami.

Karne ya 19 pwani yetu ilikuwa chini ya bendera nyekundu tupu ya Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1888 Sultani Khalifa aliikodisha pwani kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, na kampuni hiyo, kampuni ya biashara, ilikuwa na bendera yake: nyeupe yenye msalaba mweusi, na kwenye kona ya juu mraba mwekundu wenye nyota tano nyeupe. Agosti mwaka huo, huko Pangani, wakala wa kampuni aitwaye Emil von Zelewski aling'ang'ania ipandishwe. Liwali akakataa. Ugomvi wa kitambaa na mlingoti ukawa miongoni mwa cheche za vita tunavyoviita vya Abushiri, na moto ukafika huku kusini: Septemba mawakala wa kampuni walitimka Lindi na Mikindani. Mei 1890 Wissmann, kamanda wa Wajerumani, alikuja na askari na manowari, akaziteka Kilwa, Lindi na Mikindani.

Hapo ikawa nyeusi, nyeupe na nyekundu ya dola ya Ujerumani. Boma la Mikindani, ambalo bado limesimama kilimani na sasa ni nyumba ya wageni, lilijengwa 1895. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakaja Waingereza na bendera nyekundu yenye ile yao kwenye kona na kichwa cha twiga pembeni. Tarehe 9 Desemba 1961 ikapanda ya Tanganyika: kijani, dhahabu na nyeusi, ambapo kijani na nyeusi zilitoka TANU. Baada ya Muungano, tarehe 30 Juni 1964, ikaja hii tunayoijua, buluu ikiingia kutoka upande wa Zanzibar.

Mtu aliyezaliwa Mikindani mwaka 1885 akajaliwa miaka 80 angeweza kuziona zote sita bila kuhama nyumba. Nilipopiga hesabu hiyo niliacha kuandika siku nzima.

Na kuna ya saba ambayo haikuwahi kupanda. Mwaka 1914 waziri wa makoloni wa Ujerumani, Wilhelm Solf, aliandaa michoro ya bendera kwa ajili ya makoloni. Ya Afrika Mashariki ilikuwa na kichwa cha simba. Vita vikalipuka mwaka huo huo, michoro ikabaki michoro. Hii ndiyo niipendayo kuliko zote, kwa ubaya wake.

Kwa hiyo Ukusi ina nyekundu ya mtawala wa mbali, ina ya kampuni, na ina ya kasha: bendera iliyotumwa na wakubwa wa ng'ambo, ikafika bandarini, ikakaa forodhani ikisubiri mtu wa kusaini, mpaka panya wakaizalia ndani. Hakuna Mkusi aliyewahi kuiona ikiwa nzima. Kila mmoja ana maelezo yake ya ilivyokuwa.

Ni kweli kuna mtu aliwahi kutangaza nchi yake huku Mtwara?

Ni kweli, na ndiyo maana nilianza na Msimbati. Mwingereza mmoja mstaafu, Latham Leslie-Moore, aliyeishi Msimbati, alitangaza miaka ya mwisho ya ukoloni kwamba pale ni dola huru na akapandisha bendera aliyoibuni. Haikwenda mbali. Tofauti yangu naye ni kwamba mimi nimebuni na nchi, sikuchukua ya wenyewe.

Mbona haina silaha? Majirani zetu Msumbiji wanayo.

Wanayo, bunduki, jembe na kitabu, na waliipigania. Sehemu ya mapigano hayo iliandaliwa Nachingwea, kwenye kambi ya FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, na wazee wa huko wana habari zao. Ukusi haijapigana vita ya namna hiyo, basi kuweka bunduki ingekuwa kujipa sifa za bure.

"Bendera hufuata upepo." Mbona mmeifanya kauli ya taifa? Si tusi?

Kwetu ni tusi, ndiyo. Unamwambia mtu asiye na msimamo, leo huku kesho kule. Lakini fikiria umekaa ndani ya ngalawa, unataka kujua kama kusi imeanza kulegea. Unaangalia nini? Unaangalia kile kitambaa kilicho juu ya mlingoti. Kitambaa kinachokataa kufuata upepo kitakuua.

Kuanzia Aprili hivi hadi Septemba au Oktoba ncha ya bendera ya Ukusi inaelekea kaskazini, na kaskazi ikiingia inageuka kusini. Wakusi wanapima mwaka kwa hilo. Mwezi wa kugeuka, ambapo bendera inalala kwenye mlingoti kama nguo iliyosahauliwa kambani, ni mwezi wa harusi, kwa sababu wavuvi wote wako nyumbani. Mwanasiasa wa Ukusi akitaka kumtukana mwenzake humwambia: "Wewe ni mlingoti."

Inafanana sana na bendera ya Papua New Guinea. Umeiba?

Mkato ni ule ule, nakubali. Yao ni nyekundu juu yenye ndege wa njano, na nyeusi chini yenye nyota nyeupe. Nilikuwa sijaiona. Nilipoifuatilia nikakuta ilibuniwa na mwanafunzi wa miaka 15, Susan Karike, ikakubaliwa mwaka 1971. Nikaona kufanana na binti huyo si aibu.

Na mambo haya hutokea hata kwa nchi za kweli. Kwenye michezo ya Olimpiki ya Berlin mwaka 1936, Liechtenstein na Haiti waligundua wamekuja na bendera moja. Mwaka uliofuata Liechtenstein wakaongeza taji. Chad na Romania mpaka leo zinapepea sare, na hakuna aliyeongeza kitu.

Naweza kuitundika nje ya nyumba yangu?

Itundike, ila kwa adabu. Mimi siiweki mlingoti mmoja na bendera ya taifa, siiweki juu zaidi yake, na siipeleki kwenye ofisi ya umma wala uwanja wa shule. Naishusha saa kumi na mbili jioni. Hiyo si sheria ya Ukusi, ni mazoea tu ya mtu aliyekulia karibu na kituo cha polisi: filimbi ikilia jioni bendera ikishushwa, unasimama ulipo, baiskeli inasimama, hata mbuzi anaonekana kusita. Mwili umeshazoea.

Nataka kushona yangu. Vipimo?

Urefu moja na nusu ya upana. Yangu ni sentimita 90 kwa 60, inatosha mwanzi wa kawaida. Kaniki ifue kwanza peke yake, tena mara mbili, la sivyo itachuja na tanga lako litakuwa la bluu. Ukikata mshazari, usikivute kitambaa. Bandika utepe mwembamba wa pamba nyuma ya mkato kabla ya kushona, na tumia zigizaga ili uzi uwe na nafasi ya kuvutika. Pindo la ncha inayopepea likunje mara mbili, maana ndiko bendera inakoanza kufa. Mishono mitatu myekundu ipigwe mwisho, kwa mkono, na uzi uwe maradufu. Isiwe na urefu sawa. Ikiwa sawa, umeshona ya nchi nyingine.

Wimbo wa taifa upo?

Bado. Kuna mdundo tu.

Bendera ya kwanza iko wapi sasa?

Niliitaka niiweke kwenye fremu. Nilimpigia shangazi, nikamwamkia, nikamweleza kwamba siku hizi kuna watu wanaiulizia mpaka nje ya nchi. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema ameifunikia cherehani, vumbi la barabarani limezidi, na kama naitaka nimpelekee kwanza kitambaa kingine cha kufunikia, kizuri, kisichochuja.

Nilikwenda Jumamosi kuiona. Marekani imekuwa rangi ya chai ya maziwa, kaniki imepauka pale dirisha linapopiga jua. Uzi mwekundu bado mwekundu. Sijampelekea hicho kitambaa.